Kupika Data

Katika shule za sekondari nilizopata kuzitembelea, jaribio la pendula halikosekani. Mwanafunzi hufunga kitu kizito kwenye uzi, hukiachia kibembee, huhesabu mibembeo 20 huku akitazama saa, kisha hukokotoa mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Jibu linalotakiwa ni 9.8, nalo limo kitabuni kabla uzi haujakatwa. Akipata 9.3 hajiulizi kwa nini. Hurudi kwenye jedwali lake na kuzisogeza namba mpaka zikubaliane na kitabu. Wanafunzi wenyewe wana jina la kazi hiyo: kupika data. Na apikaye vizuri ndiye apataye maksi nzuri.

Sina ugomvi na pendula. Ugomvi wangu ni kuliita zoezi hilo jaribio, ilhali hakuna kinachojaribiwa. Tunamfundisha kijana kwamba macho yake yakipingana na kitabu, macho ndiyo yenye kosa.

Watetezi wa sayansi yetu hupenda kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, kwa kuwa nafasi ilikuwa haba. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulipima jambo hilo. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education.

Naam, ni kisa kizuri, lakini husimuliwa nusu, kana kwamba funzo lake ni mtoto mwerevu kumshinda mwalimu. Mimi huvutiwa zaidi na fundi wa maabara aliyepewa kazi na Osborne. Alipoona maji ya moto yametangulia kuganda, alisema wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo! Fundi yule alikuwa na jibu kabla ya kupima, sawasawa na mwanafunzi wa pendula.

Tena mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha pia kwamba kukipandisha au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kumdanganya mpimaji. Je, Mpemba ameaibika? Hasha. Zaidi ya miaka 50 baada ya swali lake, wataalamu walikuwa bado wanabishana wakiwa na vipimajoto mkononi. Kuuliza si ujinga.

Najua nitaambiwa kwamba shule hazina vifaa. Ni kweli, na kemia haifundishiki bila dawa wala mirija. Lakini pendula inataka uzi, jiwe na saa. Uzi wa mita moja hukamilisha mibembeo 20, kwenda na kurudi, kwa sekunde 40 hivi. Msomaji anaweza kupima leo jioni nyumbani kwake. Kinachokosekana hapo ni ruhusa ya kuandika kilichoonekana.

Kwa hiyo ningependa kuona msahihishaji akimpa maksi kamili kijana aliyeandika 9.3 na kueleza kwamba huenda aliupima uzi ukaishia juu ya jiwe badala ya kufika katikati yake. Huyo amejifunza kitu kuhusu kupima. Yule wa 9.8 ya kupika amejifunza kusema uongo kwa namba, na kesho ndiye tutakayempa kazi ya kupima dawa hospitalini na nguvu za zege la madaraja yetu.