Uzee wa Waya Uko Kwenye Ncha

Spika ya kanisa ikianza kukwaruza Ijumaa jioni, Sabato ikibisha hodi, mshtakiwa wa kwanza pale Itumbe huwa waya: umezeeka, ununuliwe mwingine. Fundi huomba kwanza kisu na koleo.

Huanzia kwenye ncha. Huko shaba iko uchi, na katika milima hii ya Kisii, ambako mvua haikawii kurudi, unyevu huigeuza kahawia, kisha kijani. Skrubu nazo hulegea kwa mtikisiko wa besi. Fundi hukata ncha kiasi cha urefu wa kidole, huchuna ganda taratibu asijeruhi hata unyuzi mmoja, husokota nyuzi, kisha hukaza skrubu. Sauti hurudi.

Shaba iliyobaki ndani ya ganda kwa kawaida ni nzima. Anayeijua obokano, ala ya nyuzi nane ya Abagusii, ana sababu ya kushuku, maana nyuzi zile hulegea, hukatika na kubadilishwa. Lakini uzi wa obokano huishi kwa kukazwa na kupigwa. Waya wa spika hupitisha umeme tu, na umeme wa muziki hauli shaba.

Kinachopunguza nguvu ya sauti ni urefu na wembamba. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.23; mbele ya spika ya omu 8 hilo si kitu. Ule wa milimita mraba 0.5 hufika karibu omu 0.69. Mpya mwembamba basi unaweza kushindwa na mkongwe mnene. Tena kuna waya wa bei nafuu, alumini iliyopakwa shaba: ukiukwangua kwa kisu, weupe hujitokeza, na ncha zake ni nyepesi kukatika.

Kuuza waya mpya kungemlipa fundi zaidi, ila ustadi wake ni kujua pa kukata na pa kuacha. Ganda likikakamaa na kupasuka, panya wakilitafuna, au ukijani ukipenya ndani kiasi kwamba kila akikata anaukuta tena, yeye mwenyewe husema ununuliwe mwingine. Hata hapo hautupi wote: kipande kizima cha mita mbili kinatosha redio ya kinyozi.