Fito Tatu, Uzi na Jiwe

Kipimo chenyewe ni fito tatu zilizofungwa zikafanya herufi A, uzi unaoning'inia kutoka kileleni, na jiwe la kuuvuta uzi uwe timazi. Bibi shamba anakisimamisha chini, anatia alama pale uzi unapokata ufito wa kati, kisha anakigeuza, mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, na kutia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo kipimo kinatembea kukata mteremko, mguu baada ya mguu, na kila uzi unapotulia katikati, kigingi kinapigwa. Mstari wa vigingi hivyo ndio kontua, na mfereji wa kuzuia maji huchimbwa kuufuata.

Sisi tunaoishi Kihonda, kwenye tambarare ya kaskazini mwa mji wa Morogoro, tunaitazama Milima ya Uluguru kila siku, lakini kazi hii hatuioni. Tunaila na kuinywa. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka Bwawa la Mindu, linalojazwa na Mto Ngerengere. Ruvu nao, unaoinywesha Dar es Salaam, unaanzia milima hiyo hiyo. Kabichi na njegere za sokoni zimeshuka kutoka Mgeta, huko huko milimani. Shamba la juu likimomonyoka, tope lake linakuja kulala bwawani mwetu.

Fito kila mtu anaweza kuzifunga. Ufundi unaanza vigingi vikishasimama. Fundi anarudi mwanzo wa mstari, anautazama wote, anasogeza kigingi hiki juu kidogo na kile chini, ili jembe liweze kuufuata bila kujipinda kila hatua. Anamuuliza mwenye shamba maji ya masika hupita wapi, na wapi udongo ni mwembamba kiasi kwamba ukichimba unafika kwenye mawe. Halafu anakwenda kwa jirani, maana kontua haijui mipaka: mfereji unaoishia ukingoni mwa shamba moja humwaga maji katika shamba la pili. Ardhi ya Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mara nyingi neno la mwisho liko kwa bibi aliyekaa barazani, wala si kwa kijana aliyeshika jembe. Ninaamini mazungumzo haya ndiyo nusu nzito ya kazi.

Historia inaniunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Vipimo vilikuwepo, na wataalamu pia. Lakini penye udongo mwembamba, kuchimba ngazi kulifukua udongo usio na rutuba, na watu walifanyishwa kazi ambayo hawakuulizwa. Mwaka 1955 wakagoma, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Ilhali wakulima wa Mgeta walikuwa na njia yao ya zamani: kupalia magugu, kuyalaza pamoja na mabua kwa mistari kukata mteremko, na kuyafunika kwa udongo yaoze humo humo. Hakuna aliyewauliza kuhusu hilo.

Lakini tuta nalo peke yake halitoshi. Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu hivi. Watafiti walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000, karibu yote mashambani na kwenye nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Mizizi ilishika pale ambapo tuta peke yake lisingeweza. Ndiyo maana fundi mzuri wa leo hamalizi kazi na kigingi. Mfereji unachimbwa, udongo unatupwa upande wa juu, na juu ya tuta zinapandwa nyasi za Guatemala au matete. Nyasi zinakatwa kulisha mbuzi. Mgeta ina mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Samadi inarudi kwenye kabichi. Mkulima anayekunywa maziwa yaliyotokana na tuta hatalibomoa.

Lakini kuchimba kunachosha, na faida inachelewa, pengine misimu kadhaa. Kule Kibungo Juu, upande wa Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kusimamia mpango ambao DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na Coca-Cola Kwanza, watumiaji wa maji walioko chini mtoni, walichangia kuwalipa wakulima waliochimba matuta na kupanda miti. Nauona kuwa haki tupu. Ningefurahi kuona bili ya maji inayofika Kihonda ikiwa na fungu, hata dogo, la mtu aliyeko juu na fito zake tatu, na la mwenye shamba aliyekubali mstari upite.