Kutoka Kioo cha Televisheni hadi Jukwaani: Suala la Mgogoro katika Smash

Kazi ya sanaa inapohamishwa kutoka umbo moja hadi jingine, wahakiki wengi huuliza kwanza kama kazi mpya imekuwa aminifu kwa ile ya awali. Swali hilo ni halali, lakini halitoshi, kwa kuwa halionyeshi uaminifu huo unadaiwa kwa kitu gani: kwa majina ya wahusika, kwa nyimbo, kwa mfuatano wa visa, ama kwa mgogoro unaovipa visa hivyo uhai. Mfano wa Smash, tamthilia ya Kimarekani iliyoanzia katika televisheni na kuishia jukwaani, unadhihirisha jinsi mambo hayo manne yanavyoweza kutengana.

Smash ilianza kuonyeshwa na shirika la NBC mwezi wa Februari 2012. Mbunifu wake alikuwa Theresa Rebeck, na nyimbo za mchezo uliomo ndani yake zilitungwa na Marc Shaiman na Scott Wittman. Kisa chenyewe ni cha watu wa Broadway, mjini New York, wanaotayarisha mchezo wa nyimbo na ngoma uitwao Bombshell, juu ya maisha ya Marilyn Monroe. Wanawake wawili wanaishindania nafasi ya Marilyn: Ivy Lynn, aliyekaa miaka mingi miongoni mwa waimbaji wa nyuma, na Karen Cartwright, mgeni kutoka Iowa. Tamthilia hiyo ilisimamishwa mwaka 2013, baada ya misimu miwili na sehemu 32. Tarehe 10 Aprili 2025 ilifunguliwa upya, safari hii kama mchezo wa jukwaani katika ukumbi wa Imperial, maneno yakiwa ya Rick Elice na Bob Martin, na mwongozaji akiwa Susan Stroman. Ilifungwa tarehe 22 Juni mwaka huo huo, baada ya maonyesho 84.

Idadi hiyo ya maonyesho si kipimo cha sanaa. Michezo mingi mizuri imekufa mapema, na mingi mibovu imeishi miaka. Lililo muhimu ni kuchunguza fani mbili zilizokutana hapa. Tamthilia ya mfululizo huishi kwa kuahirisha. Tabia yake ni ile ya Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, ambaye hadithi ya usiku wa leo haimalizi, ili kesho pawe na usiku mwingine. Mtazamaji wa Smash alirudi kila juma kwa sababu swali moja halikujibiwa: nani atakuwa Marilyn? Hata lilipoelekea kujibiwa, Karen alipochaguliwa mwishoni mwa msimu wa kwanza, msimu wa pili ulilazimika kulifungua tena. Mchezo wa jukwaani, kwa upande wake, hauna juma lijalo. Una muda wa saa mbili na zaidi kidogo, na katika muda huo fundo lifungwe na lifunguliwe.

Kwa hiyo Elice na Martin hawastahili kulaumiwa kwa kupunguza. Walikuwa na haki ya kuziacha habari za ndoa na mapenzi zilizojaza sehemu nyingi za televisheni, na pia kuwabadilisha watungaji wawili, Julia na Tom, wakawa mtu na mkewe, Tracy na Jerry. Kasoro iko kwingine. Majina ya Ivy na Karen yamebakizwa, lakini ushindani wao umeondolewa. Jukwaani Ivy ni nyota tangu mwanzo, na Karen ni rafiki yake na mwigizaji wake wa akiba. Mgogoro mpya unaletwa na Susan Proctor, mwalimu wa uigizaji, anayemfanya Ivy ajitumbukize katika nafsi ya Marilyn hata nje ya jukwaa, mpaka wenzake wakashindwa kuishi naye. Mgogoro huo ni wa kichekesho, na waigizaji waliutumikia vyema. Brooks Ashmanskas, aliyecheza mwongozaji Nigel, aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony. Hata hivyo, huo si mgogoro uliowafanya watu waipende Smash.

Ushahidi ulio bora zaidi ni wimbo wa Let Me Be Your Star. Jina lake lenyewe ni ombi. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya televisheni, Ivy na Karen wanauimba kila mmoja kwa njia yake, wakielekea kwenye jaribio moja ambalo wote wawili hawawezi kulishinda. Wimbo mmoja unabeba maana mbili: Marilyn anaomba apendwe na ulimwengu, na waimbaji wanaomba kazi. Jukwaani wimbo huo unafungua mchezo kama onyesho kamili lenye mavazi na ngoma, ukiimbwa na Ivy ambaye nafasi tayari ni yake. Sauti ni ile ile na ufundi ni mkubwa, lakini aombaye alicho nacho haombi, anajipamba tu. Unapata uzito wake tena pale Chloe, msaidizi wa mwongozaji asiyetarajiwa na yeyote, anapousimamia mwishoni mwa nusu ya kwanza. Hapo hadhira inakumbushwa jinsi tamthilia nzima ingaliweza kuwa.

Huenda ikadaiwa kwamba nyimbo peke yake zingetosha, kwa kuwa mwezi wa Juni 2015 waigizaji wa televisheni walikusanyika usiku mmoja katika ukumbi wa Minskoff, wakaziimba nyimbo za Bombshell kwa ajili ya mfuko wa kuwasaidia waigizaji, na tikiti zikamalizika. Dai hilo lasahau kwamba hadhira ya usiku ule ilikuja na kisa chake moyoni. Kila wimbo ulipoanza, watazamaji walijua nani aliupigania na nani aliukosa. Mchezo wa mwaka 2025 uliwataka watazamaji hao hao wakisahau kisa hicho, na wakati huo huo uliwategemea wakumbuke majina.

Basi funzo kwa mtunzi anayehamisha kazi ni hili: visa vinaweza kukatwa, wahusika wakaunganishwa, huzuni ikageuzwa kicheko. Lakini kabla ya kukata lolote, ni lazima ajue ni haja ipi ya binadamu iliyoiendesha kazi ya kwanza. Katika Smash haja hiyo ilikuwa ya mtu astahiliye ambaye hana hakika kwamba ataitwa. Haja hiyo haikuhitaji sehemu 32 ili isimuliwe. Ingalitosha kabisa katika usiku mmoja wa jukwaa.