Baridi Imesingiziwa: Tunasoma Four-Season Harvest cha Eliot Coleman

Muulize mtu kwa nini bustani za Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hulala ikifika Desemba. Atakujibu bila kufikiri: baridi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu. Eliot Coleman, mkulima wa kijiji cha Harborside, Maine, ameandika kitabu kizima kuhusu nusu ya pili. Kilitoka mwaka 1992, na toleo lililopanuliwa likafuata 1999. Ukitaka kulima chakula mahali penye kiangazi kifupi, kisome. Ila usikisome kama msahafu.

Hoja yake kuu ni mwanga. Harborside ipo karibu na latitudo 44 kaskazini, sawa na kusini mwa Ufaransa. Januari 1996 Coleman alisafiri Ufaransa akiufuata mstari huo, na huko akakuta watu wanavuna mboga bustanini katikati ya majira ya baridi. Jua ni lilelile. Kilichotofautiana ni bahari na pepo zinazoipa Ulaya ya magharibi uvuguvugu. Basi, anasema, kama mwanga tunao, kilichobaki ni kuipunguza makali baridi.

Anaipunguza kwa vitu rahisi: kitalu nyumba cha plastiki kisicho na moto wala umeme, na ndani yake kitambaa chepesi kinachofunika mboga. Usiku ardhi hupoteza joto kwa mionzi ya infraredi. Kifuniko hupunguza upotevu huo na kuzuia upepo. Kwa hesabu ya Coleman, kila tabaka ni kama kuihamisha bustani kilomita 800 kuelekea kusini.

Mfano huo unanasa akilini, na hapo ndipo pa kuwa makini. Tabaka linahamisha halijoto, halihamishi jua. Kinyume chake, kila tabaka unaloongeza linakula sehemu ya mwanga. Mboga yako inapata usiku wa kusini na mchana wa Maine, tena mchana uliopunguzwa.

Coleman mwenyewe analijua hili. Kipindi ambacho mchana ni chini ya masaa 10 amekipa jina la Persephone, yule binti wa visa vya Wagiriki wa kale aliyepelekwa kuzimu. Kwake kinaanza mapema Novemba na kuisha mapema Februari, na ndani yake mboga karibu zinasimama kukua. Kwa hiyo unapanda Agosti na Septemba, mboga zinakaribia kukomaa kabla giza halijaingia, halafu unazichuma taratibu. Soma tena neno la kichwa cha kitabu: mavuno. Bustani ya Januari ni kihenge, si shamba. Wanaopanda mbegu Novemba kisha wakalaumu plastiki wamelipita neno hilo.

Lakini masaa 10 si sheria ya maumbile. Mmea hausomi saa. Unahesabu jumla ya mwanga unaoupokea kwa siku, ukijumlisha na joto la udongo. Kwenye latitudo 44 masaa 10 ni kipimo kizuri cha vyote viwili. Nenda Fairbanks, Alaska, kwenye latitudo 65 hivi. Mchana unafika masaa 10 mwanzoni mwa Machi, ila jua liko chini na ardhi bado ni jiwe la barafu. Ukiichukua namba ya Coleman bila mazingira yake, umechukua jibu la mtihani wa mtu mwingine.

Kuna suala la pili, na hili linatugusa. Portland na Lewiston, hukohuko Maine, wanaishi watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Kwetu Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na fupi kabisa haifiki saa moja. Kwao inapita masaa sita. Mtu huyu akifungua kitabu, nyota wake ni spinachi, karoti, liki na kale. Sukuma wiki atafurahi: ni spishi moja na kale, na huvumilia baridi vizuri. Mboga za aina hii hujaza sukari kwenye seli zao kadiri baridi inavyozidi. Sukari hushusha kiwango cha kuganda, ndiyo maana karoti ya Desemba ni tamu kuliko ya Julai.

Mchicha je? Mchicha, au lengalenga kwa Wakongo, hutumia usanisinuru wa C4 kama mahindi. Unapenda joto na jua kali. Jalidi ya usiku mmoja inaumaliza. Ukiufunika kwa matabaka mawili Januari hutapata mboga, utapata somo la gharama.

Je, kitabu hakimfai mtu wa lengalenga? Kinamfaa, akikisoma kinyumenyume. Vifuniko vilevile avitumie kwenye ncha mbili za kiangazi: aupashe udongo mapema, apande wiki kadhaa kabla ya jirani, kisha aukinge mchicha na jalidi za kwanza za vuli. Ukichumwa mchanga, mchicha unahitaji wiki chache tu. Wiki mbili mwanzoni na mbili mwishoni zinaweza kuwa mkupuo mzima wa ziada.

Kwa hiyo Coleman ametufundisha swali sahihi, ingawa majibu yake mengi ni ya Harborside. Kabla hujanunua plastiki, jiulize mambo matatu: mboga yangu inavumilia baridi kiasi gani, inataka mwanga kiasi gani, na hapa nilipo jua linanipa kiasi gani? Baridi utaifunika kwa kitambaa. Giza halifunikiki, linapangiwa ratiba.