Sindano Inayopanda Mlima

Yule fundi wa viatu wa pale Kariokor, Nairobi, hagusi gundi kabla hajakikunja kiatu. Hukikunja mpaka ncha ikaribie kisigino, akakitegea sikio, kisha akaibonyeza soli kwa ukucha. Buti za mlimani zinazouzwa Gikomba hupendeza machoni, lakini sponji ya ndani ya soli huwa imekaa miaka kabatini ng'ambo, ikaliwa na unyevu. Mnunuzi haoni. Ukucha wa fundi huona. Hung'oa uozo wote, akaweka mpira mzima, akashona ukingo kwa msharasi na uzi uliopakwa nta, tundu kwa tundu, bila haraka.

Thamani ya mishono hiyo huijui ukiwa Jogoo Road. Utaijua siku ya kutoka Met Station, mita 3,050, kwenda kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200, kwa njia ya Naro Moru, Mlima Kenya. Msitu na mianzi vikiisha, kinamasi cha mteremkoni kinakupokea. Tope linashika kiatu, nawe unavuta, linashika tena. Begi linakulemea mgongoni, pumzi zinakatika, na kila hatua ni ugomvi kati ya mlima na uzi. Hapo nimeona buti mpya za bei kali zikiachama kama mamba, mwenyewe akizifunga kwa kamba ya hema. Aliyekuwa mbele yetu, mpagazi mwenye buti kuukuu zilizoshonwa pande zote, alifika bonde la Teleki zamani, chai ikachemka.

Mlima huu umewahi kuheshimu mikono. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa vita Waitaliano, walitoroka kambi ya Nanyuki wakiwa na vifaa vya barafu walivyojiundia kwa vyuma chakavu, wawili kati yao wakafika Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Mafundi wa vyuma wa Kamukunji wangewaelewa.

Siku hizi vikundi vya wapandaji huondoka Buruburu na Umoja alfajiri, kila mtu na buti zinazong'aa. Zikifumuka, hutupwa. Kwa fundi hakuna kijana anayejifunza; wanaomjia huomba gundi ya dakika mbili. Na sisi tunaolipa ada ya hifadhi bila kunung'unika ndio tunaomkalia kooni atupunguzie shilingi 50.