Mkaa wa Kifuu Hauondoi Floridi

Maji ya bomba yanayonuka klorini, ukiyapitisha kwenye chujio la mkaa, hutoka hayana harufu na yananyweka. Kazi hiyo mkaa unaiweza kwelikweli. Hatari huanza mwenye nyumba anapoyaonja, akaridhika, akaamini kuwa maji matamu ni maji salama.

Mkaa huu si wa jikoni. Vifuu vya nazi huchomwa pasipo hewa ya kutosha, kisha hupigwa mvuke wenye joto kali mno, hadi mkaa utoboke vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja yaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Kwenye kuta za vitundu hivyo hunasa viuatilifu vingi na mabaki ya petroli. Klorini yenyewe humenyuka na mkaa, ikageuka kloridi isiyo na harufu.

Chumvi haishikwi. Nitrati nayo hupita. Floridi, balaa la visima vingi vya Arusha na Bonde la Ufa, hupita karibu yote. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akikua na maji yaliyozidi sana hapo, meno hutoka na madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa nayo huharibika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi inabaki sufuriani.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimelishughulikia tatizo hili kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa macho utadhani ni mkaa uleule, lakini sehemu yake kubwa ni fosfeti ya kalsiamu, na hiyo ndiyo inayoikamata floridi. Ufundi wote uko kwenye tanuri. Mfupa usipoiva, maji hutoka na rangi na harufu mbaya. Ukiungua kupita kiasi, nguvu ya kukamata floridi hushuka.

Kuhusu vijidudu, wauzaji wengi hawasemi lililo muhimu: mkaa wa kifuu ukishaondoa klorini, bakteria huzaliana ndani ya chujio lenyewe, hasa maji yakilala humo. Kwa hiyo chuja kwanza, halafu ndipo uchemshe au utie dawa. Harufu ya klorini ikirudi, mkaa umechoka, ubadilishe.

Kabla hujatoa fedha dukani, peleka sampuli ya maji yako kwenye maabara ya maji, uulize kwanza kiwango cha floridi.