Ndizi Iliyopondeka: Kuisoma Jezi ya Arsenal ya 1991

Mabibo, Dar es Salaam, kuna soko ambalo watu wamelibatiza Mahakama ya Ndizi. Ndizi iliyopondeka ikifikishwa pale haina rufaa: inashushwa bei au inatupwa pembeni. Waingereza nao wana ndizi yao iliyopondeka, ila hukumu yake ilikuja kupinduliwa. Ni jezi ya ugenini ya Arsenal, iliyoshonwa na adidas na kuvaliwa kuanzia 1991 hadi 1993: ya njano, imejaa mistari ya zigizaga ya buluu iliyokoza, utadhani tunda lililoanguka kutoka kwenye mkokoteni na kuokotwa jioni. Jina hilo la ndizi lilianza kama kejeli. Leo wakusanyaji wa jezi za zamani za Kiingereza wanalitaja kwa heshima, kama watu wanavyotaja jina la utani la babu aliyekuwa mtukutu.

Bei yake nitaiacha kando, na kumbukumbu za ujana pia. Watu wa jezi wanapenda mno hayo mawili, na matokeo yake ni kwamba nguo yenyewe haitazamwi. Ninachotaka ni kuisoma kwa fani yake: rangi, mchoro, herufi, mshono, na namna hivyo vyote vinavyokaa pamoja. Au visivyokaa pamoja, maana ndiko ninakoelekea.

Msomaji wa Kiswahili hapa ana bahati, kwa sababu anajua kusoma nguo tangu utotoni. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Itandaze jezi hii mezani kama kanga. Kola yake ya buluu na kingo za mikono ndiyo pindo. Kifua ndicho mji. Na jina lipo, katikati kabisa pale macho yanapotua: JVC.

Tuanze na mji. Zigizaga ni takriri: mstari unapanda, unashuka, unapanda tena, na chini yake mwingine unafanya vilevile. Takriri katika ushairi hutuliza, sikio likishajua kinachofuata. Hapa inafanya kinyume. Buluu haina uzito mmoja. Mahali inakoza, mahali inafifia hadi kuzama kwenye njano, na jicho linakosa pa kupumzika. Tena mchoro hauna mpaka. Kwenye kanga pindo huuzunguka mji na kuutia adabu. Kwenye jezi hii zigizaga inakimbia mpaka kwenye mshono na kukatika hapo, kama sentensi ambayo msemaji wake ameitwa nje. Aliyeichora hakujali umbo la shati. Alitaka kelele, na kelele aliipata.

Lakini njano yenyewe si kelele. Njano na buluu ni rangi za ugenini ambazo Washika Bunduki, yaani Arsenal, walikuwa nazo kabla ya hapo. Walivaa njano walipochukua Kombe la FA mwaka 1971 mbele ya Liverpool, wakaivaa tena kwenye fainali ya 1979 dhidi ya Manchester United, na walikuwa na njano usiku ule wa tarehe 26 Mei 1989 pale Anfield, Michael Thomas alipofunga bao la pili dakika za mwisho na ubingwa ukahamia London. Kwa hiyo mchoraji wa 1991 alikabidhiwa rangi yenye nasaba, akaipiga mikwaruzo. Dharau? Mimi naiona kama ushairi huru uliotungwa juu ya bahari ya zamani: wazee hununa, lakini mdundo wa chini wanautambua.

Sasa tazama nembo. Jezi hii ina ile nembo ya zamani ya klabu, iliyotumika tangu 1949 hadi 2002: ngao, mzinga, jina la Arsenal kwa herufi za kizamani, na chini yake utepe wenye maneno ya Kilatini, Victoria Concordia Crescit. Maana yake ni kwamba ushindi hukua kwa maelewano. Maelewano! Yameandikwa juu ya nguo ambayo hakuna kitu kinachoelewana na kingine. Nembo inazungumza kama kasisi, zigizaga inapiga ngoma ya mtaani, na katikati kampuni ya redio na televisheni kutoka Japani inatangaza biashara kwa herufi tatu zilizonyooka, nene, zisizojali kinachoendelea nyuma yake. Hakuna aliyemwomba mwenzake nafasi.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa jezi hii, na si ya hii peke yake. Jezi ya Kiingereza ya miaka ya 1980 na 1990 ni matini yenye waandishi wengi: klabu ina lake, mtengenezaji ana lake, mdhamini ana lake, na kila mmoja amesaini kwa mkono wake. Ukiisoma vizuri unaona mishono ya ugomvi huo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chukua jezi nyekundu ambayo England waliivaa kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1966, kazi ya Umbro: mikono mirefu, shingo ya mviringo, simba watatu kifuani, namba nyeupe mgongoni, basi. Sauti ni moja. Jezi namba 10 ya Geoff Hurst, aliyefunga mabao matatu siku ile, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 2000 kwa pauni 91,750, na ukiitazama huoni fundi alikohangaika. Ni nzuri kama ukuta uliopakwa chokaa ulivyo mzuri. Mhakiki anaipigia saluti na kupita, maana haimpi kazi.

Kazi ilianza pale neno lilipoingia kifuani. Mwaka 1976 klabu ndogo ya Kettering Town iliingia uwanjani ikiwa na maneno Kettering Tyres, tangazo la muuza matairi. Chama cha soka kikakataza. Klabu ikafuta herufi zote za neno la pili isipokuwa ya kwanza, ikabaki Kettering T, na ikadai kwa uso mkavu kwamba T hiyo ni ya Town. Wakubwa hawakucheka. Mimi kila nikiikumbuka nasema hapa uhakiki wa maandishi ulifanyika hadharani: herufi moja, usomaji wa aina mbili, na tishio la faini kwa atakayeisoma vibaya. Miaka mitano baadaye Coventry City waliokota mbinu hiyohiyo na kuikuza. Mdhamini wao alikuwa Talbot, watengeneza magari, na televisheni ilikuwa bado haitaki matangazo kifuani. Wakashona jezi ambayo T kubwa ya Talbot ni sehemu ya mkato wake, si kitu kilichobandikwa. Nguo yote ikawa herufi. Watu wa televisheni waliielewa mara moja, wakaikataa.

Liverpool walikuwa wameshaingia na Hitachi mwaka 1979, na kizuizi cha televisheni kilidumu hadi 1983. Mkusanyaji asiyejua hilo hupotea njia: akiona jezi ya miaka hiyo haina mdhamini anadhani imepungukiwa, kumbe huenda ni ile ya siku ya kamera. Kutokuwepo kwa neno nako ni maandishi.

Turudi kwenye JVC. Kwenye kanga jina huchaguliwa na mnunuzi, naye huchagua kwa makusudi: kuna jirani wa kusikia, kuna mume wa kuonywa. Aliyevaa jezi hubeba maneno aliyochaguliwa na mtu asiyemjua, tena bila malipo, tena amelipa yeye. Kimaadili hilo linakera. Kifani ajabu imetokea. JVC walikaa kifuani mwa Arsenal kuanzia 1981 hadi 1999, na kwa kukaa hivyo herufi zile zilipoteza biashara yake. Shabiki akiziona hawazii kununua deki ya video. Anaona mwaka. Tangazo limegeuka kuwa tarehe, na huo ni ushindi mdogo wa msomaji dhidi ya aliyelipia maandishi.

Mgongoni hakuna jina. Wakati huo wachezaji wa ligi walivaa namba 1 hadi 11 kwa waanzao, na majina ya mgongoni yakaingia Ligi Kuu msimu wa 1993/94, ndizi ikiwa imeshastaafu. Ukikutana na jezi hii imeandikwa WRIGHT nyuma, jua hilo ni jina la kanga: limewekwa na mwenye shati. Ian Wright mwenyewe aliivaa bila jina, Septemba 1991 pale Southampton, mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa Arsenal, akafunga mabao matatu katika ushindi wa 4-0. Na ni jezi hiyohiyo iliyokuwa migongoni mwa mabingwa Januari 1992 walipotolewa kwenye Kombe la FA na Wrexham, timu iliyomaliza mkiani kabisa mwa ligi msimu uliotangulia. Nguo haikuchagua upande.

Wapo watakaosema kelele ya aina hii ni makosa tu, na kwamba jezi njema ni tulivu. Nawapeleka The Dell, Southampton, tarehe 13 Aprili 1996. Manchester United waliingia na jezi ya kijivu, nadhifu, ya kuvaa hata na suruali ya jinzi, wakaenda mapumziko wamefungwa 3-0. Wakabadilisha. Kipindi cha pili walitoka wamevaa buluu na nyeupe, mechi ikaisha 3-1. Alex Ferguson alieleza kwamba wachezaji hawakuweza kuonana, rangi ile ilipotelea kwenye umati. Walicheza na kijivu kile mara tano, wakatoka sare moja na kufungwa nne. Inawezekana ni kisingizio. Hata hivyo, kama hoja ya fani, ina uzito: nguo ya uwanjani inasomwa ikiwa inakimbia, mita 40 kutoka kwa msomaji, na kijivu kilisahau hilo. Zigizaga haikusahau.

United hao hao wana jezi nyingine ninayoiheshimu, ile ya Umbro ya 1992 hadi 1994 yenye kamba za kufunga shingoni kama kiatu. Kamba hizo hazina kazi yoyote. Ni dokezo, la wanaume wa karne ya 19 na klabu ya Newton Heath iliyozaa United. Jezi yao ya tatu ya misimu hiyo ilirudisha hata kijani na njano za Newton Heath. Dokezo zuri, limewekwa mahali pamoja, halisumbui. Na kwa sababu halisumbui naliweka daraja moja chini ya ndizi. Historia imetumika pale kama kipini cha nguo.

Uhalisi nao husomwa kwa njia hiyohiyo. Mimi niliwahi kuuziwa "orijino" ya ndizi hii kwa bei ya kuumiza, na kosa lilikuwa langu kwa kuitazama usoni tu. Nyumbani niliigeuza ndani nje. Herufi za JVC zilikuwa zimechapwa pamoja na mchoro, kwa wino mmoja, kwa pigo moja, zimezama kwenye kitambaa. Feki ile ilikuwa na kitu ambacho asili yake haikuwa nacho kamwe: maelewano. Mkono mmoja ulikuwa umeandika sauti zote. Kwenye ya kweli mdhamini amekuja baadaye, amekaa juu ya mchoro, na kidole kinapapasa ukingo wake. Nembo ya kudarizi ina uzi wake upande wa ndani. Lebo ya shingoni inataja kifua kwa inchi, 38-40 au 42-44, kama Waingereza walivyopimana wakati huo. Ukiona kilebo chenye namba ya bidhaa, ile iliyoenea kwenye jezi za miaka ya 2000, basi umeshika toleo jipya au umeshika uongo.

Adidas waliporudi Arsenal mwaka 2019, jezi ya ugenini ya msimu ule ilitungwa kwa kuikumbuka ndizi. Njano ipo, zigizaga ipo, lakini imefifizwa, imepangwa, imepewa adabu. Nembo ni mpya, isiyo na utepe wa Kilatini. Ni jezi nzuri, naivaa. Ila ni nukuu iliyosahihishwa na mhariri. Imeondoa maneno ya maelewano na kuyaweka maelewano yenyewe, na ndizi haina tena mahali palipopondeka.

Nguo zilizovaliwa Uingereza zimekuwa zikifika kwetu kwa belo kwa miongo mingi, na jezi zimo. Ukiikuta hii soko la Karume, ikining'inia kati ya sweta na fulana za mashindano ya shule, usianze na bei. Igeuze ndani, papasa herufi. Ukiipata ya kweli ifue kwa maji baridi, na tafadhali usipitishe pasi juu ya JVC.